Vikombe Vilivyobaki Ukutani

Kuze, Mombasa
14 Februari 1995

Mwanangu Dama,

Pokea salamu zangu, wewe na mumeo Levi na watoto. Mimi sijambo kwa kiasi cha mtu wa umri wangu. Miguu imevimba, na daktari amesema ni moyo, umechoka. Ramadhani hii sifungi. Badala ya saumu natoa chakula kila siku kwa mzee anayefagia msikiti hapa nyuma, naye hula vizuri kuliko mimi. Shemeji zangu wa humu nyumbani wananitunza kama vile marehemu mke wangu yuko hai na anawatazama.

Nitalisema mapema ili nisipate nafasi ya kugeuka. Kuna jambo nimekuficha kuhusu nyumba ya watoto ya mama yako kule Majengo na namna ilivyofungwa. Nimelificha tangu mwaka 1974, ulipokuwa darasa la nne. Mama yako amekufa nalo. Mimi sitaki kuzikwa nalo.

Nianze na yale unayoyajua. Mama yako, dada yangu Mapenzi, alikuwa akilea watoto wa wanawake waliochambua kahawa katika maghala ya Shimanzi. Mimi nilikuwa msimamizi wa malipo katika Ofisi ya Malezi, ambayo iliwalipa walezi kama yeye ili akina mama wale wasitozwe zaidi ya wanachoweza. Kanuni ya malipo niliiandika mimi. Hatukulipia nyumba, wala mikeka, wala mpishi. Tulilipia mtoto aliyeonekana. Ofisa alifika siku moja katika kila miezi mitatu, bila kutangaza, akahesabu, na hesabu ya siku ile ikawa ndiyo malipo ya miezi yote mitatu. Tulikuwa maofisa wawili na baiskeli moja, na walezi walikuwa wametapakaa kisiwa kizima. Nilijiona nimebuni jambo la akili.

Majengo walisema Mapenzi ni mwizi. Hakuwa mwizi.

Jikoni wanakaanga vya futari, moshi umejaa chumba. Mengine nitayaandika nikipata nguvu.

Mjomba wako,
Athmani Kazungu


Bungoma
11 Machi 1995

Mjomba,

Shikamoo. Idd imepita kabla barua yako haijanifikia, kwa hiyo nakupa mkono wa Idd kwa kuchelewa. Sanduku letu la posta ni la stesheni, na barua hukaa mezani kwa wakubwa wa reli mpaka Levi akumbuke kuuliza. Levi hajambo. Ken ameanza kutembea na kuvunja vitu. Nasipwondi yuko darasa la pili, anasema Kigiriama ni lugha ya bibi aliyekufa, kwa hiyo haina haja ya kujifunza. Nilimchapa kidogo.

Nimesikitika kusikia habari ya moyo. Kula, mjomba. Chumvi uache.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kwamba kanuni uliiandika wewe si siri. Mama alikuwa akijisifia kwa majirani, "Kaka yangu ndiye aliyeifundisha serikali kuhesabu." Kama hilo ndilo lililokulemea, pumzika. Kama kuna lingine, liandike. Lakini kwamba mama hakuwa mwizi, hapo sikuelewa. Mimi nilikuwepo.

Tena barua yako imenikuta katika jambo langu mwenyewe. Tangu mwaka jana ninalea watoto nyuma ya nyumba za reli. Nilianza na wa jirani, sasa ni arubaini, wengi wao watoto wa wanawake wanaopalilia miwa. Mama zao wanalipa kwa shida, wengine kwa mahindi. Sasa serikali imeleta mradi wa kuwalipia. Amekuja ofisa, dada mmoja mpole anayeitwa Trizah, na mkataba mkononi. Malipo yatafuata idadi ya watoto watakaokutwa siku ya ukaguzi. Nilipomsikia akieleza nilihisi ninakusikia wewe.

Natakiwa kutia sahihi kabla Julai haijaisha. Nikitia, nitaajiri mlezi wa pili na kuwapokea wachanga ambao sasa mama zao huwaacha kando ya shamba, chini ya kanga. Nikikataa, sioni nitakavyovuka mwaka. Wewe ndiye serikali ya ukoo wetu. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Dama


Kuze, Mombasa
4 Aprili 1995

Mwanangu Dama,

Salamu nyingi kwa wote, na Nasipwondi mwambie kwamba babu yake wa Mombasa bado yu hai na anasema Kigiriama. Mimi nilipata afueni wiki mbili, sasa nimerudi kitandani. Everlyne, yule aliyekuwa mpishi wa mama yako, hunitembelea siku za Ijumaa. Huniletea mahamri kisha hunisema kwa kutoyala. Anakusalimu.

Kuhusu mkataba, usitie sahihi bado. Zungumza na huyo ofisa, na umwambie kwa upole kwa sababu hakuutunga yeye.

Sufuria ya uji wa watoto arubaini huwekwa motoni kabla hujajua ni wangapi watakuja. Kodi ya nyumba haipungui mtoto akiugua surua. Mlezi huajiriwa kwa mwezi, haajiriwi kwa mtoto. Kwa hiyo waombe walipie nafasi ulizotenga, siyo watoto walioonekana. Watakataa, maana wanaogopa kulipia watoto wasiokuwepo, na hofu hiyo ina sababu. Basi wachukue wastani wa mwezi mzima, na siyo siku moja. Siku moja ni bahati nasibu. Waombe pia walipe mwanzo wa muhula. Ofisi hupenda kulipa kazi ikiisha kufanywa, lakini mtoto hawezi kuungoja uji wa leo mpaka hundi ifike.

Nikukumbushe habari ya vikombe, maana ulikuwa mdogo. Nilipokwenda kuhesabu mara ya kwanza, wachambuzi wa kahawa walikuwa hawajaondoka. Nikaanza kunyoosha kidole. Mwanamke mmoja akanishika mkono.

"Wewe bwana, wanangu wahesabiwa kama mbuzi wa mnada? Ukitaka hesabu, nenda ukahesabu nazi."

Mwenzake akasema, "Wangu akishikwa na homa leo, tutajua ni kidole cha nani."

Nikamwambia mama yako kwamba serikali haiwezi kulipa bila hesabu. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi hesabu vikombe. Vikombe havipatwi na kijicho." Akapigilia misumari ukutani, akafunga uzi wa rangi yake katika mkono wa kila kikombe cha bati. Mtoto akifika asubuhi hushushiwa chake, kikawekwa chini kando ya mkeka. Asiyekuja, kikombe chake hubaki ukutani. Mimi nikifika nahesabu vilivyo chini. Akina mama wakaridhika, nami nikaupeleka utaratibu huo kwa walezi wote wa mjini, na ofisini wakanisifu kwa jambo alilolibuni mama yako.

Mwisho, kuna siku ambazo akina mama hawana kazi, na mama asiye na kazi hakai mbali na mtoto wake. Katika kanuni yangu niliweka kifungu kwamba mlezi akitoa taarifa mapema kuwa kesho hakuna kazi, siku hiyo haihesabiwi. Taarifa ya mdomo ilitosha. Wewe usikubali ya mdomo. Iwe ya maandishi, igongwe muhuri, ubaki na nakala, hata kama ofisa ni ndugu yako.

Mjomba wako,
Athmani


Bungoma
30 Mei 1995

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia. Ken alikuwa na malaria, tukalala hospitali siku kadhaa, sasa amepona na amerudi kuvunja vitu. Mvua ni nyingi. Levi amepewa zamu mpya na hatuonani ila mlangoni.

Nimezungumza na Trizah. Nilimkalisha jikoni nikamwambia habari ya sufuria na kodi kama ulivyoandika. Akaweka kalamu chini.

"Mama Nasi, nani amekufundisha haya?"

"Mjomba wangu."

"Ni wakili?"

"Ni mzee mgonjwa."

"Wazee wagonjwa ndio wenye nafasi ya kusoma kanuni," akasema. "Sisi wazima tunazibeba tu."

Alirudi baada ya wiki mbili. Nafasi wamekataa kuzilipia, kama ulivyosema. Wastani wa mwezi wamekubali. Nusu ya malipo itatangulia. Kuhusu siku zisizo na kazi, kwa mfano mvua ikizuia palizi, ameahidi kwamba nikimwambia tu yatosha, kwa kuwa sasa tunajuana. Nilikuwa karibu kukubali, kisha nikalikumbuka neno lako, nikamwambia hapana, maandishi na muhuri. Naye ameenda kuuliza wakubwa wake.

Ndipo nikaisoma tena barua yako. Umenieleza kila kitu, mjomba, isipokuwa kile ulichosema utanieleza. Na pale mwisho umeandika "hata kama ofisa ni ndugu yako." Mimi sina ndugu katika ofisi ya hapa. Mama ndiye aliyekuwa naye.

Nitakwambia ninachokumbuka mimi. Nakumbuka kwamba kulikuwa na hesabu moja ya vikombe saba, na baada yake nyumba ikawa na njaa. Mama hakumfukuza mtoto hata mmoja. Alimwachisha kazi Everlyne, akawa anapika na kulea peke yake, mgongoni mmoja, mkononi mmoja. Hesabu iliyofuata aliazima watoto wa jirani, akawashushia vikombe. Mmoja wao, mkubwa wa kwenda shule, akasema mbele ya karani wenu, "Hiki si changu. Mimi nyumbani nanywea gilasi." Wiki ile ile nyumba ikafungwa. Shuleni wakaniita mtoto wa mwizi wa uji.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikamwambia mama, "Wewe ni mwizi." Alikuwa akiviosha vile vikombe kwa mara ya mwisho. Aliendelea kuosha. Amekaa miaka kumi na mitano baada ya hapo, akafa mwaka wa themanini na tisa, na sijawahi kumwomba radhi, kwa sababu niliamini nimesema kweli.

Kwa hiyo nakuuliza. Ile siku ya vikombe saba, aliyekuja kuhesabu alikuwa nani?

Dama


Kuze, Mombasa
3 Julai 1995

Mwanangu Dama,

Nimefurahi kwamba Ken amepona. Huku kuna baridi ya kusi na mimi nalala na sweta. Jirani yetu amekarabati baraza lake, sasa hakuna pa kukaa mpaka saruji ikauke, na wazee wote wa mtaa huu wamehamia mlangoni kwangu kupiga soga. Nawasikia kutoka kitandani. Wanadhani nimelala, wananijadili.

Ulimjibu vizuri huyo ofisa. Usilegeze.

Jibu la swali lako ni mimi. Nilikuja na karani wangu, Chonga. Vikombe vilivyokuwa chini vilikuwa saba, na thelathini na kitu vilikuwa ukutani. Niliandika saba. Kazi yangu ilikuwa kuandika ninachokiona, na nilichokiona ni saba.

Lazima uelewe hali yangu wakati ule. Nilikuwa nawakagua walezi wengi na mmoja wao alikuwa dada yangu, tumbo moja. Ofisini walikuwa na maneno. "Dada wa Kazungu hahesabiwi, hukadiriwa." Walisema nikiwa nimesimama pale pale. Kulikuwa na cheo kilichokuwa wazi na jina langu lilikuwa mezani. Kumpendelea nisingeweza, hata kwa mtoto mmoja. Nilitaka kuwa mtu ambaye hakuna wa kumwonyesha kidole. Mama yako alilijua hilo, na hakuwahi kunilaumu. Mpaka anaingia kitandani kwa maradhi yake alikuwa akinipikia kila Jumapili.

Nilidhani pia kwamba miezi mitatu si mingi, na kwamba nitamsaidia kwa mshahara wangu. Sikumsaidia. Niliona kwamba nikionekana nampa pesa, watasema ndizo zile zile za ofisi.

Nadhani sasa umejua.

Mjomba wako,
Athmani


Bungoma
29 Julai 1995

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nimetia sahihi juzi. Taarifa za maandishi wamezikubali. Jana mvua kubwa ilinyesha alfajiri, palizi ikasimama, nikaandika karatasi nikampa Levi, akaipeleka kwa Trizah, ikagongwa muhuri. Walikuja watoto kumi tu na hakuna kilichoharibika. Nilikaa nao nikawaimbia nyimbo za mama. Mlezi wa pili anaanza mwezi ujao. Kwa hayo nakushukuru kwa moyo wote, na nataka uamini kwamba nakushukuru.

Lakini sijajua, mjomba, na wewe unafahamu kwamba sijajua.

Nilimwandikia Everlyne. Amejibu kwa mkono wa binti yake. Anasema siku ile maghala ya Shimanzi hayakufunguliwa kwa sababu kahawa haikuteremka kutoka bara, na wachambuzi wote waliambiwa tangu jana yake. Ndiyo maana vikombe vilibaki ukutani. Watoto walikuwa na mama zao. Anasema wale saba walikuwa wa wanawake wanaofua majumbani.

Anasema tena kwamba jioni ya kuamkia siku hiyo mama alijifunga leso, akatia kisamvu katika kikapu, akasema anakwenda Kuze kwa kaka yake. Kilichosemwa huko Everlyne hakijui. Kesho yake, wewe na Chonga mlipokuwa sebuleni, yeye alikuwa uani anakuna nazi. Alisikia sauti, maneno hakuyasikia. Anachokumbuka ni kwamba mama alikuja uani, akasimama, akamwambia, "Nitilie chai vikombe viwili, wageni wanakunywa."

Kanuni yako ilisema taarifa ya mdomo yatosha.

Sitauliza tena. Nimeomba ruhusa kwa Levi, Desemba nitakuja na Nasipwondi, tutashuka Mwembe Tayari na tutafika kwako kwa miguu. Ukiwa umeandika kabla ya hapo, nitakaa nawe. Ukiwa hujaandika, nitakusalimu kama anavyosalimiwa mjomba, kisha nitaenda Kaloleni kwenye kaburi la mama nikamwombe radhi bila kujua kwa kiasi gani.

Dama


Kuze, Mombasa
21 Septemba 1995

Mwanangu Dama,

Salamu kwako, kwa Levi, kwa Nasipwondi na Ken. Habari za afya yangu ni fupi. Daktari amekuja nyumbani mara mbili, na mara ya pili hakuandika dawa mpya. Naandika mistari michache kila asubuhi, ndipo barua imechukua siku nyingi. Kama Desemba hutanikuta, shemeji zangu watakupokea, na chumba changu kitakuwa tupu, mlale humo.

Ijumaa iliyopita nilimwambia Everlyne. Nilidhani nikimwambia yeye, naye atakwambia, nami nitakuwa nimemaliza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mahamri mapajani. Kisha akasema, "Mimi si mtoto wa Mapenzi, Mzee Athmani. Mwandikie mwenye mama." Akachukua kikapu chake. Mahamri aliondoka nayo.

Basi ni hivi.

Mama yako alikuja Jumatano baada ya alasiri. Mke wangu alikuwa juu, tulikuwa mimi na yeye barazani. Alinipa kisamvu, akaniuliza habari ya mgongo wangu, akacheka kwamba nimenenepa kama mwenye duka. Ndipo akasema, "Kaka, kesho Shimanzi hawafungui. Watoto wangu watakuwa wachache. Usije kesho, au ukija usihesabu." Nikamwambia, "Nimesikia." Akasema, "Andika, usije ukasahau." Nikamwambia mimi si mtoto. Akaenda zake.

Sikusahau. Usiku ule nilikula kile kisamvu. Asubuhi nilifika ofisini mapema nikamwambia Chonga leo tunaanza na dada yangu. Nilimchagua Chonga kwa sababu lolote aliloliona saa nne, ofisi nzima ililijua kabla ya adhuhuri. Nilitaka waone kwamba dada wa Kazungu anahesabiwa. Nilijua vikombe vitakuwa vichache, na ndiyo maana nilikwenda siku ile. Kama ningekwenda wiki iliyofuata nikakuta thelathini na kitu, wangesema nimewapanga watoto.

Katika barua ya Julai nilikuandikia kwamba niliandika nilichokiona. Hiyo ni kweli iliyokatwa nusu, na nimeishi juu ya nusu hiyo miaka ishirini na moja. Cheo nilipewa. Pensheni inayoninunulia dawa ni ya cheo kile.

Chonga alikufa mwaka jana, Mungu amrehemu. Yeye hakuwa na kosa. Alisimama na kalamu mkononi akimsubiri mkubwa wake aseme.

Nilikuwa nimefika kikombe cha nne au cha tano mama yako alipotoka jikoni. Alikuwa na mwiko mkononi. Hakukasirika, alishangaa tu, kama mtu anayemkuta mgeni amevaa viatu juu ya mkeka. Akasema, "Kaka, si nilikwambia jana?"

Chonga akanigeukia. Kifungu alikijua, alikuwa amekipiga chapa mwenyewe. Akaniuliza kwa adabu, "Bwana Kazungu, taarifa ilitolewa?"

Ningesema ndiyo, angefunga daftari tukaenda kwa mlezi mwingine. Hakuna ambaye angekatwa shilingi, Everlyne angebaki jikoni, mama yako asingeazima mtoto wa mtu, na wewe usingemwita neno ulilomwita. Nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Hakuna aliyenitisha.

Nilimwambia Chonga, "Hakunipa taarifa yoyote."

Mama yako alinitazama. Alikuwa anaweza kusema mke wangu alikuwa juu, kisamvu kilikuwa mezani, na Kuze nzima ilimwona akipita na kikapu. Aliutazama mwiko, kisha akamgeukia Chonga, akamwambia, "Basi labda nilipitiwa. Kazi nyingi." Akaingia ndani kuagiza chai, na akatuletea yeye mwenyewe, nami nikainywa.

Hakupitiwa, Dama. Aliniambia.

Athmani